Harusi ya Kutaisi

Tangu alfajiri hatujasemezana, mimi na Otari,
kisa bili ya gesi.
Garini nimepakata betri zipate joto,
theluji inapangusika kiooni, inarudi.

Kanisani tukawa mikono ya mtu mmoja:
nikiinua kidevu, anahamia dirishani;
akipiga goti, natandaza shela.
Ajuza analia kwenye nguzo: huyo wangu.
Taji limemteleza bwana harusi hadi sikioni:
hilo lake.

Nje, maharusi wanatetemeka,
wamesimama kama abiria wasiojuana.
“Sogeleaneni,” Otari akawaambia, jicho kwenye lenzi.
“Zaidi. Hapo katikati bado anapita mtu.”

Nikasogea mimi.

Hakugeuka. Alivua glavu ya kulia,
ya kidole cha kubonyezea,
akaninyooshea.
Ilikuwa ingali na joto.