Nafasi ya Karatasi

Eilif kaja na bunduki ya babake ndani ya blanketi,
theluji mabegani, amenuna.
"Vuli nzima nakosa. Macho, Torbjørg. Macho yamekwisha."

Sikumjibu. Nilichukua risiti ya kahawa
nikaipitisha baina ya mtutu na ubao.
Ikateleza, ikateleza,
ikanasa.

Hapo. Mjozi ulikunywa mvua ya Trysil ukavimba,
ukauegemea mtutu
kama mlevi amwegemeavyo mpita njia.
Na chuma, risasi ikikipita, hutetemeka;
kikiguswa hata kwa ukucha, kitasema uongo.

"Mtutu mwembamba ukipata moto hutangatanga," nikamwambia.
"Mnene huvumilia, ila nani ataupandisha mlimani?
Wako unatosha. Uachie hewa tu."

Siku mbili nikaparuza mfereji, unga wa mti puani.
Nikafukua kitako pale skrubu zinapobana,
nikamimina gundi yenye vumbi la chuma,
na chuma chenyewe nikakipaka nta ya viatu
visije vikaoana milele.

Jumamosi. Mita mia, upepo kidogo toka mtoni.
Risasi tatu.
Sarafu ya krone tano ikayafunika matundu yote.

Eilif aliitazama shabaha muda mrefu,
akavua kofia, akaikunja.
"Umenipokonya kisingizio.
Kulungu wa mwakani akinitoroka
nimlaumu nani?"

Nikamtilia mfukoni ile risiti ya kahawa.
"Ipitishe kila mvua ikikatika.
Mti haujaacha kunywa."