Kipimo

Nafuta vioo vya watu mjini Swansea,
nyumba ya chini pauni nane, ya ghorofa kumi na mbili.
Ngazi yangu, ndoo yangu,
bosi mimi, kibarua mimi,
na mvua ikinyesha sina wa kumlalamikia.

Februari ilinyesha siku kumi na tisa.
Nani atamlipa mtu aoshe dirisha
ambalo mbingu inaliosha bure?

Ilianza na gari. Giaboksi ilifia kwenye kilima cha Townhill,
nikachukua kadi.
Kadi ikachoka, nikachukua kadi ya kuilipia kadi.
Halafu kodi ya mapato ya mwaka juzi,
niliyoila nikidhani ni yangu.
Halafu viatu vya shule vya Mared, jino langu, umeme.
Hakuna hata kimoja kilichokuwa anasa.
Laiti kungekuwa na anasa,
wiki moja Hispania, jua mgongoni,
kitu cha kujutia vizuri.

Barua nilizitia kwenye droo ya vijiko.
Bahasha nyeupe, bahasha za kahawia,
zile zenye kidirisha cha plastiki:
madirisha pekee mji mzima
ambayo sikutaka kuyachungulia.
Droo ilipokataa kufunga,
nikahamisha vijiko.

Na simu. Namba nisiyoijua ikiita
naganda juu ya ngazi, kitambaa kimeinuliwa,
na mwenye nyumba kule ndani ananipungia
akidhani namsalimia.

Mared ndiye aliyezifumania, miaka tisa,
akitafuta mkasi.
Alizitandaza sakafuni, akahesabu mpaka akachoka.
"Baba, unapendwa," akasema.
"Watu wengi hivi wanakuandikia."

Jumanne nikazibeba kwa ndoo,
ile ile ya kazi, hakuna mfuko uliotosha,
hadi chumba cha nyuma cha kanisa
ambako Bi Eluned hushauri watu bila malipo.
Hakushtuka. Nilitaka ashtuke.
Alichukua kisu cha siagi akaanza kupasua
moja moja, kama mtu anayemenya viazi,
akipanga mafungu kwenye meza ya watoto wa Jumapili,
magoti yake yakigonga chini.
Elfu kumi na tisa, mia sita na arobaini.
Ndiyo mara ya kwanza kuisikia jumla
na, niseme kweli, nilipumua.
Usiku nilikuwa naibeba ikiwa elfu mia.

"Na wewe," akauliza, "unamdai nani?"
Nikatoa daftari lenye madoa ya sabuni.
Bwana Pugh, mara tatu. Duka la samaki, tangu Krismasi.
Bi Treharne wa namba kumi na nne, pauni thelathini na sita,
ambaye kila nikigonga huzima redio
akajibana nyuma ya kiti.
Kioo nimekitakatisha mimi mwenyewe: namwona.
Naujua ukimya ule. Hata kwangu upo.

Dawa ya deni kulipa.
Waliosema hivyo hawakuandika kipimo.
Tukaandika barua saba:
pauni moja kwa mwezi, kila mdai,
mpaka hali itengemae.
Benki moja ikajibu kwa heshima zote
kwamba kwa mwendo huo nitamaliza
baada ya miaka mia nne na kumi.
Nilicheka mpaka Mared akaja kuona kuna nini.
Kumbe wananitakia maisha marefu!

Sijapona. Jana nimekula mkate na maharage ya kopo,
na gari linakohoa tena.
Lakini vijiko vimerudi kwenye droo,
na barua ikija naifungua nikiwa bado nimevaa koti,
mlangoni, kwa kidole gumba.

Leo mvua imekatika saa nne.
Namba kumi na nne sikugonga.
Nilipitisha karatasi chini ya mlango:
Bi Treharne, hata pauni moja kwa mwezi.
Nikapanda ngazi, nikaanza na dirisha la juu.

Hajajibu.
Ila redio hakuizima.