Mkono wa Birika

Januari, Tartu. Theluji imeziba madirisha ya chini
na ukumbini taa ni nyeupe kuliko theluji.
Meza ya nne ni yetu: mimi, Raivo, na Kerttu
anayevuta pumzi kwa mdomo tangu Jumatatu.

Wiki hii ni kiwiko na kigasha.
Tukafunua shuka upande wa kushoto tu.
Mkono ulikuwa umekunjika, pembe mraba,
kama mtu aliyeitwa ghafla
akiwa ndiyo kwanza anainua kikombe.

Raivo akajaribu kuunyosha. Haukunyooka.
Akaongeza nguvu. Meza ikalia, mkono ukanyamaza.
Ndipo Kerttu akasoma karatasi iliyokuja na marehemu,
mwandiko wa bibi wa miaka themanini na miwili:

Kiwiko cha kushoto msikilazimishe.
Kilivunjika mwaka wa barafu mbaya, hapa Vormsi,
nikiwa na barua za kisiwa kizima begani.
Aliyekiunga alikuwa daktari wa farasi,
na kivuko hakikuvuka mpaka Aprili.
Kimezoea hivyo. Nami nimekizoea.
Vaike, tarishi mstaafu.

Basi.
Tukaacha kulazimisha, tukaanza kusoma.

Ngozi ya kisugudi ni sugu,
imeegemea meza nyingi, vizingiti vingi.
Chini yake kifuko cha ute, chembamba kama ganda la kitunguu.
Kitabu kinasema hapa pana bawaba:
mfupa wa juu umechongwa kapi kwenye ncha,
na ulna huja na mdomo wake uliopinda
ikalikumbatia kapi hilo, ikakunja, ikakunjua.
Lakini kapi la Vaike limeota mfupa juu ya mfupa.
Gegedu imelika yote.
Mlango umejijengea ukuta.

Nyuma ya kifundo tukaikuta neva,
ile ambayo ukijigonga nayo
unacheka huku machozi yanakutoka.
Raivo, akirudi nyuma apishe taa,
akagonga yake kwenye ukingo wa sinki.
Alitukana kwa Kiestonia, kisha kwa Kirusi,
kisha akamwomba Vaike radhi.

Kwa mbali ungesema: mkono wa birika huu,
wa mtu asiyetoa.
Nami nilisema hivyo moyoni, sikatai.
Ila pembeni, chini ya ukuta ule,
kichwa cha radiasi, mviringo kama kifungo cha koti,
kilikuwa bado kimekaa katika pete yake ya ukano.
Kerttu akashika kitanga cha bibi, kama anayemwamkia,
akakizungusha polepole.

Kikazunguka.

Tuliona kwa macho, nyama ikiwa imefunuliwa:
ulna imetulia, haina habari,
na radiasi ikiivuka juu yake kimshazari
kama mguu wa mtu anayelala upande.
Kitanga kikatazama dari. Kikatazama sakafu.
Dari: lete. Sakafu: chukua.
Miaka sitini kiwiko kimefungwa
na kigasha kinaendelea na kazi,
kinageuza ufunguo, kinamimina maziwa,
kinapenyeza bahasha kwenye tundu la mlango.
Hata ule ukunjo ulikuwa na faida yake:
pale kwenye kikunjo ngozi ina mfuo mwembamba, mng'avu,
alama ya ukanda wa mkoba.
Alikuwa ameutundika pale.

Kerttu hakukiachia kitanga upesi.
Hakuna aliyemharakisha.
Kuna mkono wa heri na mkono wa buriani;
huu sijui ulikuwa upi.

Saa kumi tukafunika. Shuka halikulala:
liliinuka pale kwenye kiwiko, hema dogo,
na mtunza ukumbi alipopita na ufagio
aliligusa kidogo, akaliacha.

Nje kulikuwa giza tayari.
Nikavua mkoba begani, nikaupachika kwenye kiwiko cha kushoto,
nikaukunja mkono, nikateremka kuelekea mtoni.
Nilipofika darajani vidole viwili vya mwisho vilikuwa na ganzi.
Nilikuwa nimebeba vitabu viwili
na barua moja ambayo sijaijibu.