Jumanne, Saa Kumi na Dakika Kumi

Nilikuwa nikipita nyuma ya dobi,
maana mlango wa Chumba cha Msaada
unatazamana na uwanja wa raga,
na uwanja wa raga una macho.

Kwenye fomu waliandika: Sigilai, kidato cha sita,
hisabati, mara moja kwa wiki, mzazi atie sahihi.
Mama aliitia akiwa amesimama pale Wakulima,
sahihi ikabaki na alama ya kidole na harufu ya vitunguu.
"Wanalipisha?"
Nikasema imo ndani ya karo, na karo ni ya mfadhili.
"Basi nenda mara mbili."

Bi. Obwaka hakuwa mtu wa kubembeleza.
Alikuwa na chupa ya chai, kifutio kilicholiwa pembe,
na tabia ya kunyamaza
mpaka kosa lielee lenyewe
kama nzi kwenye maziwa.
"Usifute," alisema. "Kosa lina kwao.
Tulisindikize."

Tukalisindikiza.
Tukapita kidato cha nne, tukapita cha pili,
tukalikuta darasa la nne, shule ya msingi kule Lanet,
watoto tisini na mmoja, vumbi la Nakuru likiingia bila hodi,
wiki ile mwalimu alipofundisha sehemu
nami nimelala nyumbani na matumbwitumbwi.

"Kumbe ni hapa," akasema,
akanimiminia chai
kana kwamba tumefika ugenini salama.

Kijana wa miaka kumi na minane, tai shingoni,
nikaanza upya kugawanya chapati za kuchora.
Bwenini wenzangu walibishana kuhusu vyuo vya ng'ambo,
baridi ya wapi ni kali zaidi.
Mimi nilikuwa na nusu na robo mfukoni,
sikuthubutu kuzitoa.

Wiki ya sita akauliza: "Mteremko ni nini?"
Nikakariri kanuni.
"Sikukuuliza kanuni." Akafungua dirisha.
Menengai ilikuwa pale, na barabara yake nyekundu.
"Ukitoka mjini kwa baiskeli,
ni wapi unashuka ukaanza kusukuma?"
Nikaonyesha, pale kwenye mikalitusi.
"Basi miguu ilijua zamani.
Sasa tuuambie mkono."

Halafu ile Jumanne ya mvua nikafika mapema.
Ndani alikuwa Muturi.
Muturi, kiranja mkuu,
anayehutubia gwaride bila karatasi
nasi tukidhani ni kipaji.
Kidole chake kilikuwa chini ya neno,
karatasi ya nailoni ya manjano juu ya ukurasa,
na neno lilikuwa "hata hivyo",
na alikuwa analisukuma
kama mtu anayesukuma gari peke yake.

Aliniona.
Sikupata la kusema. Nikatazama chini,
naye akatazama chini,
na viatu vyetu, jozi zote mbili,
vilikuwa na tope lilelile
la nyuma ya dobi.

Ijumaa gwarideni alinyamaza katikati ya sentensi.
Shule nzima ikafikiri ni madoido.
Mimi nilishika pumzi, nikahesabu naye,
moja, mbili, tatu, nne,
mpaka neno likafika.

Mitihani imekwisha. Matokeo bado.
Mama huyauliza kila akiinua mizani,
na mimi humsaidia kupanga mafungu.
Jana, kwa majivuno kidogo, nikamweleza
tulikoanzia na Bi. Obwaka:
kwamba nusu ukiigawa, ukaigawa tena,
kwamba nusu ya robo...

"Thumuni," akasema, bila kugeuka,
akimrudishia mteja chenji.
"Hilo tu? Si ungeniuliza."