Madaftari Mawili

Nesi Sechelela wa Makole alikichomoa kwa dakika nne
huku akinisimulia bei ya vitunguu.
Kijiti chenyewe: njiti ya kiberiti isiyo na kichwa,
cheupe, laini, hata damu hakina.
Miaka mitano kimelala mkononi mwangu
kikiuambia mwili: tulia, bado, tulia.
"Unataka kwenda nacho?"
Nikacheka. Nimefika stendi ndipo nikajuta.

Kazi yangu ni kupima mvua.
Saa tatu asubuhi, kituoni Hombolo,
nafungua kigeti cha waya, nalichungulia kopo,
naandika kilichomo.
Kuanzia Mei naandika 0.0
0.0
0.0
Mwaka wangu wa kwanza niliruka siku.
Bwana Mbijima akaniita: "Usiache nafasi, binti.
Nafasi tupu ni kwamba hukuja.
Sifuri ni kwamba ulikuja, ukatazama, hakuna.
Sifuri nayo ni habari."

Basi nikanunua daftari la pili, lenye picha ya twiga,
na kipimajoto kwa mfamasia
aliyeuliza, "Mtoto ana homa?"
Nikajibu ndiyo. Uongo ulikuwa mfupi kuliko kweli.

Alfajiri, kabla sijakanyaga sakafu,
kabla mama mkwe hajaanza ugomvi na ndoo zake,
nakiweka chini ya ulimi.
Lubeleje anageuka, haulizi.
Thelathini na sita nukta mbili.
Nukta tatu. Nukta mbili.
Mwezi wa kwanza, hakuna damu.
Wa pili, chunusi, nywele kwenye chanuo,
na usiku mmoja nikalia
kwa sababu ugali ulishika chini.
Sijui kama niliyelia ni mimi
au yule wa kabla ya kijiti, amerudi nyumbani kwake,
hajui vyombo vilihamishiwa wapi.

Mama mkwe anahesabu kwa njia yake:
anautazama mkanda wa gauni langu,
kisha, kwa adabu, anatazama mbuzi.
Wanadhani nataka mtoto. Labda.
Lubeleje alisema mara moja tu kwamba yeye anataka,
akapokea kimya changu kama mtu anavyopokea chenji pungufu,
akatoka kwenda kupogoa mizabibu.
Mimi nilitaka kwanza nijue
mwili huu ukiachiwa nafasi ya kusema
unasema nini.

Ulisema chooni, Oktoba, siku ya upepo,
bati likipiga kelele juu yangu.
Ute. Mwangavu kama kioo,
unavutika toka kidole hadi kidole, haukatiki,
kama mlenda tuliokula jana yake, ule wa karanga.
Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.
Nimelelewa kwa mlenda, nimeusifia mbele za wageni,
kumbe dalili niliijua kwa ulimi
kabla sijaijua kwa jina.
Daftarini niliandika neno moja: MLENDA.
Siku ya pili yake joto likapanda,
nukta sita, nukta saba,
likakaa hukohuko juu
kama paka aliyepata pa kulala.

Novemba, asubuhi ya jana,
matone machache yaliuchoma mchanga wa kituo,
yakaacha vishimo kama ndui.
Kopo, kavu.
Kuna herufi tunayoiandika ikiwa hivyo:
ilinyesha, ila haikufikia kipimo.
Nikaiandika kwa mkono uliotulia.

Jioni, kwenye khanga, doa,
la rangi ya chai isiyo na maziwa.
Dogo kuliko ukucha.
Nilikaa kitandani na daftari la twiga magotini,
kalamu imefunguliwa, nisijue niandike nini,
hata Lubeleje akaingia na vumbi lake,
akasimama. Miezi minne hakuwahi kuuliza.
"Unaandikaga nini humo?"

Nikampa.
Akasoma polepole, kama mkataba wa shamba,
kidole kikiteremka juu ya nukta zangu zote,
kikaganda.
"Hii mlenda," akasema, "ni chakula?"

Nikasogea ukutani, nikampisha.
Kaa, nikamwambia. Vua viatu kwanza.