Na ya Kutolea

Asubuhi nilishusha bei kama mtu anayeshusha ndoo kisimani:
laki na ishirini, laki, tisini.
Dereva wa Kenta akakuna kidevu, akasema haya mama,
nami nikajiona mjanja
kabla sijazikumbuka ngazi.

Ghorofa ya nne, Mtaa wa Sikukuu.
Ngazi sabini na mbili, taa ya korido imekufa tangu Ramadhani.
Vijana wanne. Friji ilishuka imevishwa khanga yangu,
kabati la mninga likagoma kwenye kona,
likageuzwa, likabembelezwa, likaitwa bi harusi,
likapita.

Bi Msimu, jirani, alisimama mlangoni na upawa mkononi.
"Maagizo yako mengi. Chai yao iko wapi?"
Nikasema nitawapa hela ya soda baadaye.
"Soda ya baadaye haibebi friji ya sasa."
Akaleta mihogo, kachumbari, pilipili kando,
na birika la kunawia, akawamiminia mwenyewe,
mmoja mmoja, kama wageni wa maulidi.
"Usisimame ukiwatazama wanavyotafuna.
Na hivyo vikombe vya plastiki rudisha. Toa bilauri."
Bilauri zimeshafungwa, nikasema.
"Zifungue."

Nikazifungua, moja moja, kutoka kwenye magazeti ya mwaka juzi.
Walikunywa. Hakuna iliyovunjika,
isipokuwa ile niliyoivunja mimi nikizifunga tena.

Ikaja zamu ya cherehani.
We mrefu, nikaita, taratibu na hiyo!
Hakujibu. Alifuta viganja kwenye shati,
akaniuliza ilikuwa ya nani.
Ya marehemu mama.
Hakuiweka begani kama mizigo mingine.
Aliikumbatia, akateremka nayo gizani
akihesabu ngazi kwa sauti ya chini.

Ubungo foleni, jua limetukalia utosini.
Goba tulifika alasiri imekwisha,
na pale kwenye mchanga, kabla ya geti, Kenta ikazama.
Wakasukuma wote wanne, mchanga mpaka kwenye meno.
Hilo halikuwemo kwenye ile tisini.
Hawakulitaja.
Mimi pia sikulitaja, na nilijua kwa nini.

Jioni nikamlipa dereva chake.
Kisha kila kijana mkononi mwake,
noti imekunjwa, mkono wa kulia, macho kwa macho.
Sikusema "mtagawana".
Mtagawana ni mfuko wenye tundu.
Watatu. Yule mrefu hayupo.
"Ameshawahi zamu ya usiku, mama, analinda ghala Tabata.
Nipe yake nitamfikishia."
Labda angemfikishia. Sikutaka kumjaribu mtu aliyechoka.
Nikaomba namba.

Walipoondoka nikawasha taa.
Kitanda kimekazwa skrubu zote, hata ile iliyopotea
imezibwa kwa kijiti kilichochongwa.
Cherehani iko dirishani,
upande wa kushoto, penye mwanga wa kushonea.
Sikumwelekeza mtu.

Nikakaa juu ya godoro, nikashika simu.
Elfu kumi.
Halafu nikafikiri: kumi ya kufika tisa siyo kumi,
nikaongeza ya kutolea.
Nikaongeza na ya mchangani.
Simu ikaniuliza kama namtumia
MWINSHEHE SAIDI TOGWA.

Siku nzima nimemwita We Mrefu.

Nililisoma jina lote kwa sauti.
Nyumba ilikuwa haina mapazia bado,
kuta zikalirudisha.
Nikabonyeza ndiyo.

Kabla ya isha akajibu:
"Imeingia mama, asante sana.
Ile cherehani mguu wa nyuma hautulii.
Kata kipande cha boksi uweke chini."

Maboksi yalikuwepo tele.