Jiwe la Kilo Mbili na Nusu

Kabla ya kuitwa Sista alikuwa mlinzi wa ndege.
Damari Mhawi, miaka tisa, juu ya dungu,
kombeo mkononi, sauti imekauka
kwa kuwafukuza kwelea kwelea
wasitue kama wingu kwenye uwele wa baba.
Alikunywa maji ya korongo, yaliyochimbwa mchangani,
yakija polepole
kama mtu anayefikiri kwanza kabla ya kutoa.

Mwaka wa mvua njema walivuna karanga magunia manne.
Baba aliwapakia punda wawili mwenyewe,
na bega lake likamwambia uzito wa kila gunia.
Mnadani Msagali mzani wa mnunuzi ukasema mwingine.
Damari alikiona kidole, kimetulia pale juu ya ndoano.
Akafungua mdomo.
Baba akamkanyaga mguu, taratibu.
Njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema neno,
hata punda.

Walichopunjwa kingetosha ada ya muhula.
Basi ada ikawa mbuzi, na mbuzi walipokwisha
ikawa bangili za shaba za bibi,
naye bibi akasema mikono mitupu
hupiga makofi vizuri zaidi.

Chuoni alijifunza kuchemsha sindano,
kutandika shuka hadi kona zikate,
na kuficha viganja vyenye sugu za jembe,
mpaka mzazi mmoja alipokishika kimoja katikati ya uchungu
akakataa kukiachia hadi alfajiri.
"Huu," alisema, "ndio mkono."

Likizo ya kwanza akaokota jiwe korongoni,
jeusi, lililolainishwa na mafuriko ya miaka,
akalipima kwenye mzani wa chumba cha dawa:
kilo mbili na nusu, bila kuzidi wala kupungua.
Tangu hapo, zahanati ya kwanza, ya pili, ya tano,
kila asubuhi ya kliniki
jiwe ndilo lililokuwa mtoto wa kwanza kupimwa.
Akina mama walicheka:
"Mwanao haongezeki, Sista!"
"Nanyi mwombeeni asipungue."

Aliyekuja mwepesi kuliko jiwe
ndiye aliyemnyima mama yangu usingizi.
Namkumbuka mmoja, wa Chalinze ya huku kwetu, si ile ya Pwani:
kilo moja na robo tatu,
na mzazi wake kalala hana damu usoni.
Mama alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa khanga mbili,
akagawa dawa naye, akajaza daftari naye,
akapalilia naye mtama nyuma ya nyumba za watumishi,
maana mvua haisubiri zamu iishe.
Siku kumi na moja.
Mimi, miaka sita, niliomba apone haraka
ili ashuke.

Ndahani, huyo. Leo ana mzani wake mnadani,
ananunua alizeti.
Wanasema kidole chake hukaa mfukoni.

Watunzi wenzangu hupima mizani nane kwa nane.
Nimejaribu. Maisha ya mama hayaenei kwenye nane,
kila ubeti unabaki na gunia nje.

Siku ya kustaafu walimpa blanketi na hotuba,
kisha wakamwonyesha mzani mpya, wa betri.
Akaufuta kwa upindo wa gauni, akaweka jiwe.
Namba nyekundu zikacheza, zikatulia:
mbili, nukta, nne, nane.
Chumba kikanyamaza.
Muuguzi kijana akakohoa. "Mzani umekosea, Sista?"
Mama akalinyanyua jiwe, akalipima kwa kiganja,
akaligeuza mahali ambapo kidole gumba
kilikuwa kimechimba kijishimo kwa miaka thelathini na minane.
"Hapana," akasema. "Ni sisi tuliopungua."

Kisha akauliza
kama kuna mtoto anayesubiri nje.